Malalamiko Dhidi ya Mume Wangu na Ukuta wa Bafu

Bi. Mgeni Abdulrazaki,
Mshonaji,
Mtaa wa Mizabibuni,
Msalato, Dodoma.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Mzee Mazengo,
Ofisi ya Serikali ya Mtaa wa Mizabibuni.

YAH: KUOMBA SERIKALI YA MTAA IINGILIE KATI UPANGAJI WA VIGAE KATIKA BAFU LA NYUMBA YANGU

Shikamoo Mzee Mwenyekiti. Natumaini u mzima, mama ni mzima, na kwamba asubuhi ya leo umeoga nyumbani kwako. Sisi wengine tumeoga kwa jirani, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, tena kinahusika sana. Ninaandika nikiwa kwa jirani yangu Anna, kwenye meza yake, kwa kuwa meza yangu iko barazani chini ya turubai pamoja na makochi, kabati la vyombo na cherehani yangu ninayoendeshea maisha.

Kwanza nimtambulishe mlalamikiwa. Ni mume wangu, Mrisho Hanifu, yaani Baba Shamimu, unayemfahamu. Hanywi, hapigi mtu, hana nyumba ndogo. Ni mpima ardhi mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa porini na juani, akipima viwanja vya mji huu ambao kila ukiamka unakuta umesogea. Wako watu wengi wanaolala bila ugomvi na majirani zao kwa sababu Baba Shamimu aliwachomekea bikoni za mipaka mahali panapostahili. Mwaka huu amestaafu. Walimpa saa ya ukutani na keki, wakampiga picha, wakamrudisha nyumbani. Akapumzika vizuri mpaka Jumatano.

Alhamisi akaanza kunyoosha picha ukutani. Ijumaa akaniambia kwamba cherehani yangu haijakaa sambamba na dirisha. Nikaona mambo hayo yataisha yenyewe, kama kikohozi.

Sasa, binti yetu Shamimu alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kondoa, mstaarabu, na kwao walileta habari kwamba watakuja kuposa rasmi. Bafu letu lilikuwa la saruji tupu, lenye mstari mweusi kila mahali ndoo inapogusa ukuta. Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba tuweke vigae kabla wageni hawajaja. Hilo nalikiri, lakini naomba lisihesabiwe dhidi yangu. Nilichagua vigae vyeupe, na vingine vichache vyenye picha ya kichala cha zabibu, kwa kuwa hapa ni Dodoma na mgeni anapaswa kujua yuko wapi hata akiwa amejipaka sabuni.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. KUHUSU SEBULE YANGU. Fundi Abeli alipokuja na ndoo yake ya gundi, Baba Shamimu alimwambia aitue kwanza, maana hakuna mji unaojengwa kabla ya kupangwa. Abeli akajibu kwa adabu kwamba huu si mji, ni bafu, na yeye siku zote huanzia kwenye kona, akafika anakofika, halafu kipande kinachobaki anakikata. Baba Shamimu alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba daktari huanza kupasua ndipo aulize mgonjwa anaumwa wapi. Akamweleza kwa upole kwamba ukianzia kwenye kona utamalizia na kipande chembamba kama kidole upande wa pili, na kwa kuwa macho ya mtu anayeoga hayana pa kwenda, yatakwenda palepale kila siku mpaka afe. Ukuta huanzwa katikati, akasema, ili vipande vya pembeni vilingane.

Hapo hata mimi niliona ana hoja. Mimi ni mshonaji, najua aibu ya ua la kitenge linalokatikia kifuani. Lakini sikujua kwamba hoja hiyo ingehitaji sebule. Alitoa kila kitu nje, akapanga vigae vyote sakafuni, kuta zote nne kando kwa kando, kama boksi lililofunguliwa. Kati ya ukuta wa mashariki na ukuta wa kaskazini aliacha kijia cha kwenda jikoni, akakiita hifadhi ya barabara. Nilipoweka kikapu changu cha nyanya humo, kilihamishwa bila notisi. Televisheni imebaki peke yake mahali anapopaita dirishani, yaani kwenye pengo la dirisha la bafu katika mpangilio wake. Wageni wanasalimia kutoka mlangoni na kuondoka. Balozi wa nyumba kumi alipoleta tangazo la usafi alilinyoosha kwa mkono mrefu, akasema haingii kwa sababu hajui atakanyaga ukuta gani.

2. KUHUSU UKUTA WENYEWE. Baada ya kumaliza ramani ya sakafuni, mume wangu alikwenda kuthibitisha bafuni. Akatundika timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma chini, na hapo ndipo tulipopata msiba. Ukuta wetu umelala. Juu umetoka, chini umeingia, na kona iliyo karibu na mlango si kona kamili. Tumeishi katika nyumba ile tangu Shamimu akiwa hajaota meno, tumeoga, tumefua, hakuna aliyewahi kuanguka kwa sababu ya kona. Lakini Baba Shamimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiutazama ukuta kwa uchungu, uji wake ukapoa, na nilipomuuliza kulikoni alijibu taratibu kama aliyetoka kuzika. Alisema amepima mji mzima akarudi kulala kwenye nyumba iliyopinda.

Kesho yake akataka kujua kama nyumba zote ziko hivyo. Akachukua timazi, akaenda kwa Anna, akabisha hodi, akaeleza shida yake. Anna akamwambia apite tu. Alichosahau Anna ni kwamba mumewe, Bartolomayo, alikuwa bafuni. Bartolomayo alikuwa na povu machoni, akasikia mtu anaingia akimwomba ashike ncha ya uzi, naye, kwa kuwa ni mtu wa kusaidia, akashika. Walimaliza kupima ukuta mzima wakizungumzia mvua. Ndipo alipojisafisha macho. Nimemwomba radhi Bartolomayo, amekubali, ila siku hizi akiniona anaangalia pembeni. Na ubaya zaidi ni kwamba ukuta wao ulikutwa umenyooka. Mume wangu hakula hata chakula cha usiku.

3. KUHUSU KUOGA. Kwa kuwa bafu letu limetangazwa kuwa eneo la mradi, familia nzima inaoga kwa Anna. Kila asubuhi navuka barabara na beseni, kanga mbili na sabuni, nikisalimiana na watu. Wenye kwenda shamba wananiuliza habari za nyumbani, nawajibu nzuri. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulinikuta mbele ya duka nikiwa katika hali hiyo, nikiwa na mswaki mdomoni, na kwa utu uzima wako ulitazama mbinguni ukasema mawingu yanakuja. Ilikuwa Agosti. Nakushukuru, lakini mwanamke wa umri wangu hapaswi kusitiriwa na mawingu ya uongo ya Mwenyekiti wake.

4. KUHUSU KICHALA CHA ZABIBU. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Mimi nilisema vigae vya zabibu vikae usawa wa macho. Baba Shamimu akauliza: macho ya nani? Yeye ni mrefu, mimi ni mfupi. Zabibu zikikaa kwenye macho yake, kwangu ziko juu kama tangazo la barabarani. Zikikaa kwangu, yeye anazioga kwa kitovu. Mimi nilidhani mume anapoulizwa jambo kama hilo husema, basi tufuate macho yako mke wangu. Yeye akasema tutafute macho ya mtu wa kawaida wa mtaa huu.

Akachora mistari kwenye nguzo ya geti letu. Kila aliyepita akaombwa asimame hapo, kisigino kwenye jiwe, atazame mbele. Alimpima muuza maziwa. Alimpima Loisi, binti wa Anna, na mzigo wake wa kuni kichwani, kisha akamwomba radhi akampima tena bila kuni. Alimpima sista mmoja aliyekuwa akipita kwenda misheni, na sista akasimama vizuri kabisa, akamtakia heri.

Mheshimiwa, wewe unajua vijana wetu walivyo na kiu ya ajira. Alionekana mzee mwenye sauti ya serikali akipima watu urefu getini, akiwaambia simama wima, tazama mbele, ahsante, anayefuata. Kufikia mchana maneno yalikuwa yamefika mpaka Makutupora kwamba kwa Mzee Mrisho kuna usaili wa jeshi. Nilirudi kutoka kwa Anna na beseni langu nikakuta foleni imepinda kona. Wengine walikuja na vyeti ndani ya bahasha. Wengine walikuwa wameanza kuruka kichura kupasha mwili. Kijana mmoja alinipisha kwa heshima akidhani mimi ndiye mpishi wa kambi, akaniuliza kama mafunzo yana chakula.

Sikuwa na moyo wa kuwaambia wamekuja kupimiwa zabibu. Niliwapikia chai. Baba Shamimu hakuona tatizo lolote. Alisema hajawahi kupata sampuli nzuri kama ile.

5. KUHUSU POSA YA BINTI YETU. Wageni wa Kondoa walikuja na basi la asubuhi, siku moja kabla ya tulivyotarajia. Alikuja Bi Anifa, mama wa kijana, na mshenga wao, Mzee Yahaya, mtu mwenye maneno yaliyopigwa pasi. Mimi nilikuwa kwa Anna, nina povu. Nilipofika nikiwa na kanga iliyolowa, wageni wa heshima walikuwa wamesimama ndani ya sebule yangu, kwenye hifadhi ya barabara, mmoja nyuma ya mwingine, na mume wangu amepiga magoti mbele yao akigeuza kigae.

Nilimtafutia Bi Anifa kigoda. Mzee Yahaya akakohoa, akaanza posa kwa lugha ya kistaarabu, ya mafumbo, kama inavyotakiwa. Akasema wametoka mbali, kwa sababu wameona ua zuri katika nyumba hii.

Baba Shamimu, bila kuinua kichwa, akamsahihisha kwamba si ua, ni zabibu.

Mzee Yahaya akasema basi na iwe zabibu, wao wameipenda na wanaomba kuichukua wakaiweke kwao. Mume wangu akamwambia haiwezekani hata kidogo, zimenunuliwa kwa hesabu, ukitoa moja mpangilio mzima unaharibika. Mheshimiwa, nilimwona yule mzee akianza kutoa jasho. Alidhani amekataliwa. Akaanza kuomba kwa sauti ya chini, akataja ukoo wao, akataja swala tano, akasema watamtunza, hatalala njaa, hatapigwa na baridi. Baba Shamimu akamjibu kwamba baridi si tatizo, tatizo ni maji ya bomba. Nilijaribu kumkonyeza. Nilimkonyeza mpaka Bi Anifa akaniuliza kama jicho linauma.

Kisha Bi Anifa, akiwa kwenye kigoda, akavitazama vigae kwa muda, akauliza kwa nini tumepanga zabibu juu kiasi kile. Tukamweleza habari ya macho. Akasema, "Kwani hapa kwenu mnaoga mmesimama? Mtu mwenye ndoo huoga amechuchumaa."

Nilimwona mume wangu anainuka taratibu kutoka sakafuni, uso umemng'aa kama siku tuliyofunga ndoa, pengine zaidi. Vipimo vyote vya getini, foleni yote ile, vilikuwa vya watu waliosimama. Alimshika Mzee Yahaya mkono akasema, "Basi tumekubaliana. Zishuke chini, kushoto kwa bomba."

Mzee Yahaya alisikia "tumekubaliana" tu. Akainua mikono, akasema Alhamdulillahi, akaanza Fatiha, nasi sote tukaitikia, kwa kuwa Fatiha ikianza haikatizwi kwa ajili ya bomba. Anna, aliyekuwa dirishani, akapiga vigelegele. Binti yangu ameposwa hivyo. Mimi mama yake sikupata hata nafasi ya kulia, kwa sababu mpaka leo sijui ni maneno yapi yalikuwa yake na yapi yalikuwa ya bomba.

Shamimu alitoka chumbani, amejifunika vizuri, akamuuliza baba yake, "Baba, anayeolewa ni mimi au ni bafu?"

Naye akamjibu, "Wote wawili, mwanangu. Ila wewe uko tayari."

Nikadhani sasa yamekwisha. Kesho yake alitoa kigoda, akakiweka getini, akaanza kupima watu upya wakiwa wamechuchumaa. Bi Anifa hajaondoka. Anasema hawezi kurudi Kondoa kabla hajaona zabibu zimekaa, na jioni yeye na Baba Shamimu wanabishana kuhusu kona kama watu waliosoma darasa moja.

6. KUHUSU SWALI ALILONIULIZA. Hili ni dogo, lakini nimeona nisiliache. Juzi alasiri nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Baba Shamimu alikaa kwenye ukingo wa ukuta wa kusini, viatu mkononi ili asikanyage mpangilio. Alivitazama vigae, akaniambia bila kugeuka, "Mama Shamimu, hili likiisha nitakuwa naamka asubuhi kufanya nini?"

Malalamiko yangu hapa ni kwamba swali kama hilo haliulizwi mtu mwenye vitunguu motoni. Nilisimama na mwiko. Vitunguu vikaungua, tukala maharage yenye ladha ya mkaa, na Bi Anifa akiwa mgeni. Mpaka sasa sijapata jibu, na kulitafuta kumenichelewesha kushona sare za kwaya ya akina Anna.

Kutokana na hayo yote, naiomba Serikali ya Mtaa ichukue hatua zifuatazo bila kuchelewa:

(a) Bafu langu litangazwe kuwa eneo lenye mgogoro wa ardhi, na mume wangu azuiwe kulikaribia mpaka Abeli amalize.

(b) Ukuta wa bafu uitwe ofisini kujieleza kwa nini umelala. Ukishindwa kuja, mjumbe aende kuuchukulia maelezo.

(c) Itungwe sheria ndogo ya mtaa kwamba mstaafu yeyote haruhusiwi kumiliki uzi mrefu kuliko mkono wake.

(d) Vijana waliopimwa getini wapewe ajira yoyote, hata ya kupanda miti barabarani, kwa sababu baadhi yao bado wanapita kila asubuhi kuuliza majina yatatoka lini, nami nimeishiwa majani ya chai.

(e) Kama hayo yote hayawezekani, basi mume wangu akabidhiwe choo cha ofisi yako. Nimekiona. Hakina kigae hata kimoja, na kuta zake zimepinda kuliko zetu. Mpeni, kwa barua yenye mhuri, aende kila siku asubuhi kama mtu anayekwenda kazini, arudi jioni amechoka. Nitamfungia chakula.

Natanguliza shukrani zangu. Nisalimie mama, nisalimie katibu wako na mgambo wote, na yule mama wa chai aliye nje ya ofisi mwambie gauni lake liko tayari ila liko chini ya turubai. Anna anakusalimu. Bi Anifa wa Kondoa anakusalimu ingawa hamjaonana, na anauliza bafuni kwenu mnaoga mmekaaje.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa na wa bafu,

Mgeni Abdulrazaki (Mama Shamimu)

Nyongeza: Barua hii ilikaa kwenye pochi yangu kwa sababu nilikuta ofisi imefungwa. Katika siku hizo Abeli amemaliza. Bafu ni zuri, Mheshimiwa, sina maneno. Vipande vya pembeni vinalingana, ukuta huwezi kujua kama uliwahi kulala, na ukichuchumaa zabibu ziko mbele yako kabisa. Bi Anifa alioga mara mbili, akalia kidogo, akapanda basi. Makochi yamerudi ndani. Leo asubuhi niliamka nikamkuta Baba Shamimu amekaa kwenye kochi amevaa vizuri, mikono magotini, anaitazama sakafu tupu. Sikuvumilia. Nilikwenda bafuni, nikakaa huko kidogo, nikatoka nikamwambia kwamba kigae kimoja nyuma ya mlango naona kama kimeenda upande. Hakijaenda popote. Lakini aliruka kwenye kochi kama kijana, na sasa anawatoa watu wote bafuni. Kwa hiyo tafadhali ichane barua hii, choo cha ofisi msimpe mtu, na akipita kwako kutafuta maoni ya pili, nakuomba sana Mzee wangu, useme hata wewe unaona kimeenda upande.